Kituo cha Trexler Gap, Kazi ya Mikono Yangu

Jumatatu, 6 Novemba

Kona bado iko wazi! Kona ya mbele ya meza yetu ya treni, pale kwenye kioo cha kutazamia, ambapo kila mgeni husimama kwanza. Royce Kemmerer, mwenyekiti wa chama chetu cha treni ndogo za mfano, ametangaza leo katika chumba cha chini cha kanisa. Jumamosi ni siku ya wageni. Wanachama watapiga kura, na jengo litakaloshinda litakaa pale daima. Sharti: liwe limejengwa kwa mikono tangu kijiti cha kwanza. Vipande vya kiwandani marufuku.

Kona ni yangu. Najenga kituo cha reli cha Trexler Gap, kilekile kilichobomolewa nikiwa na miaka sita. Baba alikuwa msimamizi wake wa mwisho. Mimi nilizaliwa ghorofani mle. Nani mwingine ana haki?

Merle Ziegenfuss anajenga kinu cha kusaga chakula cha mifugo. Kinu! Nani duniani atatokwa machozi kwa kinu?

Kisha Merle akaniuliza, mbele ya watu, kama nimezungumza na mama kuhusu kituo. Mama yangu Hulda amepita tisini, yuko nyumba ya wazee. Merle humpelekea pai ya molasi kila Jumapili. Kujipendekeza tu. Nikamjibu kwamba kituo kiko kichwani mwangu, chote, na kwa mama ni siri hadi Jumamosi.

Jumanne, 7 Novemba

Mbao za ukutani: vijiti vya kukorogea kahawa. Nimekaa mgahawani asubuhi nzima nikinywa kahawa na kutia vijiti mfukoni. Mhudumu akaniambia, kwa sauti ya kufika barabarani, “Lamar, kahawa kunywa utakavyo, ila vijiti niachie, wateja wanakoroga kwa uma!” Aibu. Gundi imeshika kidole gumba na kitambaa cha meza.

Madirisha ndiyo kazi ngumu. Nimeagiza ya kiwandani, kimyakimya. Nayakwaruza kwa tupa ili yaonekane yametengenezwa vibaya, yaani kwa mikono. Arlene, mke wangu, ameniuliza kwa nini nisiyatengeneze vibaya tangu mwanzo nikajipunguzia kazi. Hajui lolote kuhusu sanaa.

Pia ameuliza meza yake ya kulia chakula atarudishiwa lini, maana sikukuu ya kula bata mzinga inakaribia na watoto wanakuja. Nimemwambia historia haina haraka.

Jumatano, 8 Novemba

Nimekwenda kwa Merle kupeleleza. Nilisema nimekuja kuazima koleo. Akanikaribisha gereji, akanipa kahawa, akanionyesha kinu bila kuombwa. Hana hata akili ya kuficha.

Ni kizuri. Naandika hapa tu, hapatasomwa na mtu. Bati la paa lina kutu ya kweli. Magunia yamelegea kama magunia. Mlangoni kuna mwanamke mdogo kama punje ya mahindi, amebeba ndoo ya chakula cha kuku, skafu nyekundu kichwani.

Nilipotoka nikampigia Royce simu. Nikamwambia, kwa masikitiko makubwa, kwamba nina wasiwasi na vipimo vya Merle, kama vinalingana na treni zetu. Kinu chake naona kimezidi ukubwa. Sitaki kumharibia mtu, nikasema, ila haki ni haki.

Alhamisi, 9 Novemba

Royce amekwenda na rula yake. Kinu kiko sawasawa, hadi unene wa kizingiti. Hapo Royce akaona ni vizuri apime na majengo mengine, ili kuwe na usawa. Akaja kwangu!

Akasimamisha mtu wa plastiki mbele ya mlango wa kituo changu. Mtu akaishia kwenye kitasa. Royce akauliza, “Lamar, hiki ni kituo cha treni au banda la kuegeshea ndege?” Akacheka hadi akavua miwani.

Rula yangu ina pembe tatu, kila upande na kipimo chake. Nimesoma upande wa treni kubwa, wiki zote hizi. Kosa ni la Arlene. Aliigeuza akipangusa vumbi. Anasema hajaigusa meza ile tangu Agosti, anaiogopa.

Ijumaa, 10 Novemba

Nimepata dawa. Nimekata kituo chini kwa msumeno, milango ikapungua. Madirisha ya chini sasa yako usawa wa magoti, lakini nimepanda vichaka mbele. Vichaka vingi. Paa sijaligusa. Upenu ni mpana kidogo, ila unapendeza.

Merle akaja jioni na kisanduku cha vifaa. Eti Royce amemwambia habari ya vipimo vyangu, eti tukishirikiana tutakata kuta mpya kabla ya kulala. Amekaa pale sebuleni kofia mkononi, theluji ikimyeyukia mabegani. “Kaka, ni kituo cha mzee wako,” akasema. “Kikae vizuri. Kura tuachane nayo.”

Nimeielewa hila yake. Anataka kesho aseme alinisaidia. Nikamshukuru, nikamfungulia mlango atoke. Arlene akamsindikiza hadi garini.

Jumamosi, 11 Novemba

Sijui nianzie wapi.

Chumba kilijaa. Merle alimleta mama kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Kituo changu kilikuwa kando ya reli, kinu ng’ambo yake. Royce akawasha treni yake ya abiria, ile anayoipangusa kwa brashi ya kope. Ikaja kwa madaha. Ikafika kituoni. Upenu ukanasa kwenye kichwa cha treni.

Paa lote likang’oka! Likapanda juu ya treni, likazunguka nayo meza nzima, watoto wakipiga makofi, hadi likakwama kwenye handaki. Mabehewa yakaanguka moja baada ya jingine. Royce alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

Mama akaomba asogezwe. Akachungulia ndani ya kituo kisicho na paa. Akatazama muda mrefu.

“Jiko halikuwa upande huu,” akasema.

Nikamwambia lilikuwa huo huo, nakumbuka.

“Lilikuwa upande wa reli, Lamar. Treni ikichelewa, baba yako alinipungia taa kutoka chini, nisipakue chakula kikapoa. Nimepika mle miaka kumi na moja. Kwa nini hukuniuliza?”

Nikasema nilitaka kumshtua.

“Basi umenishtua.”

Kisha akakitazama kinu. Akaweka kidole karibu na yule mwanamke wa ndoo, bila kumgusa. “Huyu mimi,” akasema. Merle akainama, akamwambia ndiyo, ni wewe, si ulinieleza mwenyewe habari ya ile skafu? Mama akalia. Akamshika Merle mkono, akaushika hivyo hivyo hadi alipotulia.

Kura: wote Merle, isipokuwa moja. Hiyo moja naijua vizuri.

Merle akanifuata nilipokuwa nakusanya vichaka. Anataka kona tuigawane. Tukijenge kituo upya sisi wawili, mama akituelekeza. Nikamwambia nina shughuli.

Jumapili, 12 Novemba

Arlene amesema niende nikakae na mama, nimuulize habari za jiko na ile taa. “Yupo leo, Lamar. Nenda leo.” Nimemweleza kwa upole kwamba umri umemchanganya mama, na kwamba Merle amemjaza maneno na pai. Arlene akachukua funguo za gari, akaenda peke yake.

Nyumba kimya. Nimekula mkate na nyama baridi, nimesimama, kwa kuwa meza imejaa.

Jumanne, 14 Novemba

Siku njema! Royce ametangaza kona ya nyuma itahitaji daraja. Naliona wazi lile daraja la chuma la mtoni, kana kwamba nimelivuka jana. Safari hii nafanya peke yangu kabisa, bila kumwambia mtu.

Simu ililia wakati nachanganya rangi. Arlene akapokea. Akaja mlangoni, amefunika simu kwa kiganja: ni mama, sijui nani amempa habari za daraja, amekumbuka mambo mengi. Baba alimchumbia palepale katikati. Anasema lilikuwa jekundu. Anauliza kama nina nafasi aje anieleze, au nimfuate.

Nikamwambia Arlene anisalimie mama, nitampigia nikimaliza.

Nimelipaka kijani. Limependeza sana.