Bomba la Rubisi la Kagoma

Jumatatu, 2 Juni
Leo maendeleo yamefika Kagoma. Nimefunga bomba kwenye pipa la rubisi, pombe yetu ya ndizi, hapa baa: mteja analipa dirishani, anafungua, anajijazia kibuyu. Mhudumu wa nini tena? Nimemwachisha kazi Jenifa. Kavuka barabara, kaajiriwa na Paskazia, mwenye baa ya pili. Aende tu. Mke wangu Dativa kasema baa hii ikifungwa tunahamia Buganguzi kwa baba yake, nikachume kahawa. Mimi, nichume kahawa! Nimecheka mpaka ugali ukapoa.

Jumanne, 3 Juni
Afisa biashara kapita. Nani kampigia? Namjua, ana baa ng'ambo ya barabara. Kasema bomba si kosa, ila lazima lisimamiwe na mtu mzima ambaye hajalewa, azuie watoto na waliozidiwa. Atarudi Alhamisi. Asipomkuta, leseni anaondoka nayo. Nikamwambia msimamizi amekwisha kumwona, ni mimi.

Jumatano, 4 Juni
Siku mbaya. Wazee wanalitazama bomba kama mgonjwa anavyotazama sindano. Mzee Kagaruki kaniuliza, waitu, tangu lini mtu anapewa pombe ambayo mtoaji hajaionja mbele yake? Nani anajua mle ndani mna nini? Kabeba mrija wake, kaenda kwa Paskazia, wenzake nyuma. Roho imeniuma. Mila hiyo naijua, nilidhani bomba limesamehewa. Jenifa alikuwa anaonja kila kibuyu. Nilimkata mshahara kwa ajili hiyo.

Alhamisi, 5 Juni
Dawa nimeipata. Nilisimama kwenye bomba, kila anayejaza nikamwonjea. Funda dogo tu. Wazee wakarudi, na mafundi ujenzi, na watu waliokuwa wanatoka kuzika. Kufikia alasiri nilikuwa nawapenda wote. Hata Paskazia nilimwita dada, kwa sauti. Afisa akaja, akakuta wateja wametulia, wazima kabisa. Akauliza msimamizi yuko wapi. Mzee Kagaruki akanyoosha mrija: yule pale, aliyekumbatia pipa. Dativa anasema nilimpokea afisa vizuri, nikataka kumwonjea na yeye.

Jumamosi, 14 Juni
Buganguzi. Leseni imekwenda. Vidole vimechubuka kwa kahawa. Baba mkwe, Mzee Kahangwa, hanisemi, ananikabidhi kikapu tu. Lakini jicho langu halilali. Mzee anakamulia rubisi yake kwenye mtumbwi wa mti, na majirani wote wanamsubiri mtu mmoja mwenye kata ya kuchotea. Foleni ya aibu. Nimemshauri tufunge bomba. Akauliza, na kuonja ataonja nani? Nikamwambia asiwe na wasiwasi, mimi nina uzoefu.