Kamati ya Matundu Manne

Kwa heshima na taadhima natangaza kwamba mimi ndiye mtaalamu mkuu wa mashine za betri za kutobolea ukuta katika majengo yote ya Ofisi ya Makazi. Sijawahi kuwasha hata moja, na bisibisi pekee ninayoijua vizuri ni kisu changu cha jikoni kilichopinda ncha. Lakini nina barua ya uteuzi, na barua ina muhuri, na muhuri umegongwa mara mbili kwa sababu mara ya kwanza wino ulikuwa umekauka. Kati ya mwenye utaalamu bila barua na mwenye barua bila utaalamu, ni nani anayekalia kiti chenye mto? Nauliza tu.

Chombo chetu kinaitwa Kamati ya Uteuzi wa Seti ya Mashine za Betri kwa Ajili ya Maboresho ya Nyumba za Wapangaji. Niliingizwa humo kwa cheo cha Mjumbe Mzoefu wa Ukuta. Nimeishi na ukuta mmoja miaka thelathini na nane, na hatujawahi kugombana.

Sababu ya kuundwa kwa kamati ni nzito. Wapangaji walikuwa wanatoboa kuta zao kwa mashine za kuchomeka kwenye soketi, waya umetambaa mpaka ngazini kama nyoka aliyelala. Ofisi ikaona mbali. Raia anaweza kujikwaa kwenye waya akaanguka! Ukatoka waraka: mashine zenye waya marufuku. Kutoboa kutaruhusiwa kwa seti moja tu ya betri, itakayochaguliwa na kamati na kuazimwa kwa zamu.

Siku ya tatu baada ya waraka kubandikwa, wifi yangu akaanguka ngazini. Hakujikwaa kwenye waya, maana haukuwepo. Alianguka kwa sababu ngazi yetu haina cha kushika. Ofisi ikaandika kwenye ripoti yake kwamba waraka umeonyesha mafanikio: ajali za waya, sifuri.

Wifi huyu ni dada wa marehemu mume wangu. Tunaishi wawili ghorofa ya kwanza, vidato kumi na viwili kutoka chini, na tangu goti lake lilipovimba kwa ajali ile likapona nusu, hashuki. Mchomeleaji alishatutengenezea chuma kizuri cha kushikia, kimepakwa rangi nyeusi. Kinalala nyuma ya kochi, tunakianikia taulo. Kinataka matundu manne tu ukutani, bolti nne, basi.

Fundi wetu wa mtaa anaitwa Nusu Saa, kwa sababu hiyo ndiyo ahadi yake kwa kazi zote, hata ya kuezeka nyumba.

"Nusu saa tu, bibi," aliniambia. "Ila drili yangu ina waya. Sitaki kulala ndani kwa ajili ya matundu manne."

Basi wifi akahamia kibarazani, huko huko juu. Nyanya anazinunua kwa kuteremsha kikapu kwa kamba. Maneno yake yanateremka bila kamba.

"Wewe mke wa kaka yangu!" ananiita nikirudi mkutanini, na mtaa mzima unasikia. "Kamati yenu imefika wapi?"

"Tumefika kwenye rangi."

"Rangi ya nini?"

"Ya mashine. Kuna nyekundu, kuna kijani na kuna ya njano."

"Kwani mimi nitashuka kwa kushika rangi?"

Hakuwa anaelewa uzito wa utaratibu. Duka lilitupa seti tatu za kuchagua. Kila moja ilikuwa na drili, msumeno, bisibisi ya umeme, taa na betri mbili. Tofauti ilikuwa nguvu. Moja ilikuwa ya volti kumi na mbili, mbili zilikuwa za kumi na nane. Mwenyekiti wetu, mkuu wa Ofisi ya Makazi, mtu mzima mwenye tumbo la kuheshimika na kalamu tatu mfukoni, aliliweka suala hilo mezani kwa busara.

"Ndugu wajumbe. Kumi na mbili ni aibu kwa ofisi. Kumi na nane ni nyingi mno kwa raia wa kawaida, atalewa. Napendekeza kumi na tano."

"Kumi na tano hazitengenezwi, mheshimiwa," alisema Katibu. Katibu ni binti mmoja mtulivu anayeandika kila kinachosemwa, hata mtu akikohoa.

"Tumeshauliza?"

Hatukuwa tumeuliza. Tukaandika barua kuuliza. Jibu lilichukua wiki sita, nalo lilisema hazitengenezwi. Tukachagua ya kumi na nane, nyekundu, baada ya mimi kutoa hoja ya kitaalamu kwamba inafanana na zulia la ofisini kwa Mwenyekiti. Alifurahi sana. Nami nilitaka twende nyumbani.

Seti ikaja. Tukaifungua kwa heshima, kofia mkononi. Hapo ndipo Mkaguzi wa Ofisi, ambaye watu wanamwita Rula kwa sababu hapindi, alipoinua kitu kidogo cheusi kutoka ndani ya sanduku.

"Hiki ni nini?"

"Chaja," nikasema. "Ya kujazia betri."

"Na hiki kinachoning'inia?"

Wajumbe wakainama kukitazama.

"Ni waya," alijijibu mwenyewe, akautandaza mezani, akaupima. "Mita moja na nusu! Ndugu wajumbe, waraka unakataza waya. Tumeagiza seti isiyo na waya, tumeletewa waya."

Tukapiga kura. Chaja ilishindwa kwa kura nne dhidi ya moja, na hiyo moja ni yangu, mimi mtaalamu mkuu. Ikaamuliwa irudishwe dukani na tusubiri chaja isiyo na waya. Betri moja ikapelekwa makao makuu kwa ajili ya akiba. Mwenyekiti akajitolea, bila kulazimishwa na mtu, kuirudisha chaja dukani yeye mwenyewe, kwa gari lake. Akasaini. Seti nzima akaifungia kabatini ofisini kwake, ufunguo akautia mfukoni pamoja na kalamu tatu.

Nilipompa wifi taarifa, alikivuta kikapu juu.

"Kwa hiyo mashine ipo."

"Ipo."

"Na matundu hayapo."

"Bado."

"Wifi, viatu vyangu vya kutokea vimeota vumbi. Jana nimevifuta, nikavirudisha." Akaanza kukunja kamba ya kikapu, polepole, akiwa hanitazami. "Mwambie huyo Mwenyekiti wako mimi si mkungu wa ndizi, kwamba nikae juu mpaka niive."

Ndipo nami nikafanya kazi ya ujumbe wangu. Ulipokaribia mwezi wa tano tangu waraka, Ofisi ilitaka uzinduzi, maana kitu kisichozinduliwa hakina picha. Nikasimama nikapendekeza uzinduzi ufanyike kwenye ngazi yetu, kama eneo la mfano. Hoja ikapita. Hakuna aliyeuliza mfano wa nini.

Siku hiyo asubuhi wapangaji walijaa uani. Nusu Saa alikuwepo, mikono mifukoni, kwa bahati tu kabeba bolti nne. Chuma chetu kilikuwa kimeegemezwa ukutani, nimekivua taulo, na alama nne za chaki nimezichora mwenyewe. Na juu kabisa, kwenye kidato cha kwanza cha kushukia, amesimama wifi. Amevaa viatu.

Mwenyekiti akaweka sanduku juu ya meza, akakohoa. Katibu akaandika.

"Wananchi! Seti hii mnayoiona haijaguswa na mkono wa mtu tangu siku ilipofika. Imekaa kabatini kwangu kama yai. Leo tutaitazama. Kuitumia haiwezekani, kwa kuwa betri ni tupu, na chaja, kama mnavyojua, ilirudishwa dukani. Ofisi inaendelea kufuatilia chaja isiyo na waya. Makofi."

Tukapiga. Akaniita Mama Mjumbe, niishike drili kwa ajili ya picha. Nikaishika. Ni nzito kama kuku wa kutaga. Ncha yake ya kutobolea ilikuwa na vumbi la rangi ya waridi kwenye mikunjo. Majengo yetu yote yamepakwa krimu, kwa waraka. Nikaitazama, nikamtazama Mwenyekiti, na kidole changu, kwa uzee tu, kikateleza kwenye kitufe.

Vrrrrrrr!

Rula aliruka hatua mbili nyuma.

"Mheshimiwa," nikasema, "maiti imepiga chafya."

"Hizi betri za kisasa," alijibu Mwenyekiti bila kupepesa, "zikiwekwa mahali penye utulivu hujijaza zenyewe. Kabati langu lina utulivu sana."

Rula akatoa daftari akaliandika hilo.

"Basi kama imejijaza, itoboe!" sauti ikatoka juu ya ngazi.

Watu wakaitikia. Mwenyekiti alitazama huku na huku, akaona simu zimeinuliwa kupiga picha, akatabasamu kama mtu aliyekanyagwa kidole. Nusu Saa akaichukua drili mkononi mwangu, akalenga chaki ya kwanza, akabonyeza. Ikalia, ikazunguka, ikasugua ukuta mpaka ukang'aa. Tundu hakuna. Akasukuma kwa bega. Hakuna. Kijasho kikamtoka.

"Nusu saa tu," akanong'ona.

Nilimwona Mwenyekiti anateseka. Mdomo unacheza, vidole vinacheza. Mtu anayejua kuendesha akikalishwa pembeni ya dereva mbovu, ndivyo alivyokuwa.

"Siyo hivyo!" ikamtoka. "Utaua ncha, wewe! Hiyo ni zege, si mbao! Zungusha pete ya mbele mpaka kwenye alama ya nyundo! Lete hapa!"

Akaipokonya. Akavua koti, akanipa. Kwa kidole gumba, bila hata kutazama, akazungusha pete, akapuliza ncha, akatanua miguu. Tundu la kwanza, kama anatoboa papai. La pili. Kabla ya la tatu alikumbuka kuweka kiganja chini kukinga vumbi, kama anayeogopa kugombezwa na mwenye nyumba. La tatu. Wapangaji walisahau kwamba wanamchukia, wakashangilia. Nusu Saa alikuwa anafuata nyuma yake na bolti. Chuma kikasimama ukutani, kimeshikwa mara tatu.

"Mwanangu, una mkono mwepesi!" wifi alisema kutoka juu. "Umejifunzia wapi?"

"Ni kipaji, mama."

Akalenga tundu la nne, lile la juu kabisa, miguuni pa wifi. Mashine ikasema vrrr, ikasema vr, ikanyamaza. Taa ndogo nyekundu ikawaka pembeni ya betri.

Nusu Saa akakitikisa chuma. Mwisho wa juu ulicheza. "Hapana," alisema. "Bila bolti ya nne asikishike."

Wifi alikuwa ameshanyoosha mkono. Akaurudisha, akaukunja kifuani. Mguu mmoja, ndani ya kiatu kilichofutwa, ulikuwa umening'inia juu ya kidato cha pili.

"Nasubiri hapa hapa," alisema. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, alisema kwa sauti ndogo. "Miezi mitano nimeweza."

Hakuna aliyepiga makofi. Mwenyekiti aliitazama betri, akamtazama wifi, akautazama ule mguu. Naandika ukweli, hata kama yeye hajauzoea: uso ulimlegea akawa mtu. Akamwendea dereva wake, akamwinamia sikioni.

"Kimbia nyumbani," alinong'ona. "Jikoni. Nyuma ya friji."

Dereva wake ana masikio mazito, na watu wa masikio mazito huwa wanajibu kwa nguvu.

"Ile chaja, mzee? Unayotumia kila Jumamosi ukimtundikia mama rafu za jikoni?"

Nikampangusa Mwenyekiti bega, maana lilikuwa na vumbi la krimu, nikamwambia polepole, "Hili halifanani na la jikoni kwako, mheshimiwa. La kwako la waridi."

Dereva alikuwa ameshawasha gari.

Katibu akainua kalamu.

"Samahani, mheshimiwa. Kwenye kumbukumbu za kikao, 'nyuma ya friji' niiandike kabla ya 'ilirudishwa dukani', au baada yake?"