Mwiko wa Uchumba na Vidole Vyangu Vitatu

Jumatatu, 10 Februari
Mwiko umepotea. Jana Jumapili, baada ya ugali wa mchana. Si mwiko wa gulioni, ni ule niliomchongea Hidaya nilipokuwa namposa. Kwa mikono hii! Kila kitu hapa nimejitengenezea: banda, mfereji wa karoti, ndoa. Nimemuuliza Hidaya. Kasema mwiko umetembea, utarudi. Kwa miguu ipi? Namshuku jirani yetu Rashidi, fundi seremala. Siku zote akija kula huutazama kuliko mboga.

Jumanne, 11 Februari
Nimekwenda kwa Rashidi nikijidai naazima randa. Nimepekua mpaka kwenye rundo la maranda. Kaniuliza natafuta nini. Nikasema randa. "Si hiyo uliyoishika, Baba Zainabu?" Ikabidi nirudi nayo nyumbani. Sina kazi nayo.

Jumatano, 12 Februari
Nimeuona! Uko mjini, nyumba ya sanaa, kwenye maonyesho ya vitu vya mapenzi. Vikapu vya maharusi, shanga, vyungu viwili vimekumbatiana, na katikati, juu ya kitambaa chekundu, mwiko wangu! Kumbe Hidaya kauazimisha. Nikavimba kifua. Kisha nikasoma kikaratasi: "Mwiko wa uchumba. Mwenye nao: Bi. Hidaya. Mchongaji: hakutajwa."

Hakutajwa!

Msimamizi ni binti anaitwa Secilia. Shikamoo kanipa, jina langu kwenye kikaratasi kaninyima. Eti Bi. Hidaya ndiye aliyetaka hivyo. Kama mchongaji ni mimi, Ijumaa nichonge mwingine mbele ya wageni. Nimekubali. Mwiko ni kijiti chenye kichwa bapa. Ugumu uko wapi?

Alhamisi, 13 Februari
Mti wa kwanza umepasuka. Wa pili umetoka kama jembe. Wa tatu Hidaya kawashia moto, akaniambia nisijikate tena. Tena? Nimeshuka gulioni, nimenunua mwiko mzuri, nimeuficha kwenye mkono wa koti. Akili ni nywele!

Ijumaa, 14 Februari
Watu wamejaa, Hidaya na Rashidi wamo. Nimewapa mgongo, nimekwangua mti, nimekohoa, nimechomoa mwiko. Makofi! Rashidi kaushika, kaugeuza, kasema huu kauchonga yeye wiki iliyopita, akampa mama mmoja auze gulioni.

Hapo Hidaya kasimama. Kasema hata ule wa kwenye kitambaa ni wa Rashidi, nilimpa gunia la viazi anichongee. Kumbe alijua tangu siku ile ile! Mwiko ulikuwa laini kama sabuni, kasema, na mletaji vidole vitatu kafunga matambara. "Nikajua huyu kajaribu kwanza, kajikata, kaona aibu. Nikamwambia baba, huyo huyo." Ndiyo maana hakutaja mchongaji: hakutaka kuniaibisha, wala kumdhulumu Rashidi. Watu wamepiga makofi mara mbili ya mwanzo. Secilia kafuta machozi. Hidaya kanishika mkono mpaka nyumbani, mbele za watu.

Jumamosi, 15 Februari
Nimepiga hesabu. Makofi ya mwiko: machache. Makofi ya vidole: mara mbili. Kwa hiyo sanaa ni vidole, na vidole ni vyangu. Rashidi hana fungu hapo.

Nimemwandikia Secilia. Nitakaa kando ya mwiko kila siku hadi maonyesho yafungwe. Kiti nitakuja nacho. Matambara pia. Hidaya kacheka mpaka kaegemea mlango, wivu tu. Ninachotaka kwa Secilia ni jibu la moja kwa moja, kabla ya Jumatatu saa nne asubuhi: nikae kulia kwa mwiko, au kushoto?