Rangi ya Karanga

Nyakato, Jumatatu, 6 Juni 1994

Nimeanza shajara. Mtu mwenye mipango lazima aiandike.

Mpango wa kwanza ni kibaraza cha Mzee Sadrudin. Mzee anauza spea mjini, na tangu biashara ya nje ifunguliwe anapokea makasha kutoka Dubai karibu kila mwezi. Anatafuta fundi wa pikipiki wa kukaa pale barazani. Tunaotaka ni wawili: mimi, na Paskazia wa Buhongwa, mwanamke aliyesomea ufundi na ambaye watu humsifu bila kuombwa.

Nilimwamkia Mzee shikamoo mara mbili. Aliitikia mara moja. Akasema hataki maneno. Pikipiki ya nesi Rebeka, mkunga anayezungukia vijiji, imepoteza nguvu. Atakayeiponya atapewa kibaraza. Nikaichukua kabla Paskazia hajapata habari.

Sikumwambia Mzee kwamba kwenye kiwanda nilikoajiriwa, kabla hawajatupunguza, nilikuwa karani wa stoo. Jina la kila spea nalijua. Kazi yake ndiyo hunipa shida.

Jumanne, 7 Juni

Pikipiki kuukuu, silinda mbili, kila moja na kabureta yake. Nikafungua plagi. Ya kulia nyeupe kama chaki. Nikafurahi, upande huo ni mzima. Ya kushoto ya kahawia. Uchafu. Nikazungusha skrubu ya kabureta ya kushoto ili plagi yake nayo itakate. Nikaendesha hadi Buzuruga na kurudi. Ikatoka nyeusi kama kitako cha sufuria.

Nilikuwa nimeishika hiyo nyeusi Paskazia alipopita. Alisimama, akazitazama zote mbili. Akaeleza taratibu, kama anayemweleza mgonjwa. Nyeupe maana yake silinda inavuta hewa nyingi na petroli kidogo. Inachemka, mwisho itaungua. Nyeusi ni petroli imezidi. Plagi ya injini nzima huwa na rangi ya karanga iliyokaangwa. Akauliza kama ningependa tuitazame pamoja.

Nikamjibu kwamba yote hayo nayajua, nilikuwa nampima tu.

Aliondoka bila kucheka. Afadhali angecheka.

Jumatano, 8 Juni

Nimezungusha skrubu asubuhi nzima. Kulia nyeupe. Kushoto nyeusi. Kulia nyeupe. Kushoto nyeusi sana. Mkono unauma.

Mchana mke wangu Getruda alikuwa anakaanga karanga. Nikaitazama ile rangi. Halafu nikalitazama tofali lililo nyuma ya nyumba.

Mtu akitaka kunihukumu, ajue kwamba nilisita. Nilisita mpaka karanga zikaiva.

Unga laini wa tofali, uji mwepesi wa muhogo, unyoya wa kuku. Nikazipaka plagi zote mbili, nikazianika juani. Zilitoka nzuri mno. Getruda aliuliza ninafanya nini. Nikamwambia ni mambo ya kitaalamu.

Alhamisi, 9 Juni

Dukani Mzee Sadrudin alivaa miwani, akafungua plagi kwa mkono wake mwenyewe. Alizigeuza, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Akasema miaka mingi hajaona plagi zinazofanana hivi.

Nesi Rebeka akaja kuichukua. Akauliza kama itamfikisha ng'ambo ya Usagara, kuna mama mmoja huko yuko karibu kujifungua na mimba yake ya kwanza ilimsumbua. Nikasema itafika hata Shinyanga.

Alinishukuru kwa mikono miwili. Usiku huu usingizi hauji. Nadhani ni zile karanga.

Ijumaa, 10 Juni

Nimeambiwa na mwenye baiskeli aliyetoka huko. Pikipiki ilizima jana jioni kabla ya njia panda ya Usagara. Nesi aliisukuma na mkoba wake mgongoni. Alipochoka akaiacha kwa watu, akapanda mkokoteni wa ng'ombe uliobeba pamba.

Nilimuuliza kuhusu yule mama. Hajui.

Sikula. Getruda aliuliza kama naumwa. Nilitaka kumwambia. Nikasema ndiyo, naumwa.

Jumamosi, 11 Juni

Niandike yote, na iwe adhabu yangu.

Tulikutana dukani wote: Mzee, mimi, Paskazia, na pikipiki iliyoletwa kwa lori. Kisha akaingia nesi Rebeka na vumbi lake la safari. Kitu cha kwanza alichosema ni kwamba mtoto ni wa kike na mama yake ni mzima. Alikuta mama mkwe ameshampokea. Nikakaa chini juu ya kasha.

Mzee aliniuliza kilichotokea. Nilikuwa na nafasi ya kusema kweli. Mdomo ukasema plagi za siku hizi ni bandia, zinatoka Dubai.

Mzee alitazama kasha nililokalia. Limeandikwa Dubai.

Nesi alitoa kipande cha bandeji mkobani, akanifungulia kiganjani. Plagi zangu mbili, alizozifungua pikipiki ilipozima. Uji wa tofali umebabuka, vipande vimeziba pale cheche inaporukia. Mzee alikikwangua kimoja kwa ukucha.

"Masele," akasema, "hili ni tofali?"

Nikasema, "La kuchoma, Mzee."

Hakuna aliyepaza sauti. Paskazia alitia plagi mpya, akawasha, akamimina maji ya sabuni juu ya mpira unaounganisha kabureta ya kulia na injini. Mlio ukabadilika palepale. Mpira ulikuwa na ufa mwembamba kama unywele, hewa inapita hapo. Akabadilisha mpira. Kisha akauliza nani alichezea kabureta ya kushoto, maana hiyo haikuwa na tatizo lolote.

Nilinyoosha mkono kama mwanafunzi.

Alipomaliza aliendesha hadi uwanja wa ndege na kurudi, akafungua plagi. Karanga, zote mbili. Karanga za kweli. Kibaraza ni chake. Akaniambia pembeni, "Kaka, ungeniuliza tu." Ningetamani anitukane.

Jumapili, 12 Juni

Kanisani nilikaa nyuma. Nesi Rebeka alikuwa mbele. Baada ya ibada nilimfuata nikaomba radhi, nikaapa kwamba tangu leo nisilolijua nitasema silijui. Alisema amesikia. Aliongeza kwamba mtoto bado hajapewa jina, lakini halitakuwa langu.

Nimerudi nyumbani mwepesi. Nimemweleza Getruda yote. Alisema alijua tangu siku ya unyoya.

Jumatatu, 13 Juni

Asubuhi alikuja mtu anaitwa Chenge, ana boti yenye mashine huko Igombe. Mashine inakohoa. Ameambiwa Nyakato kuna fundi. Nilifungua kinywa niseme sizijui mashine za boti.

Nikasema nimezitengeneza miaka saba.

Alifurahi sana. Amesema kesho asubuhi tutaijaribu mbali kidogo, kwenye kina kirefu, maana ndiko inakozimia. Akauliza kama najua kuogelea.

Nimemwambia najua. Kwani kuogelea ni nini, kama si kupiga mikono?