Kilo mbili tu za kupelekea Adelaïde

Lundi, tarehe 3 mwezi wa sita

Mama Solange, bibi ya katekista, njo anaandika. Miye masomo hapana, mudomo njo iko. Habari imetoka Kashuga: dada yangu Adelaïde iko mugonjwa sana, ananiita. Barabara imejaa bunduki na matope. Na haya magoti! Lakini Papa Straton, piloti wa kale kandege kadogo ka viti mbili kanabebaka dawa, amekubali kunipeleka jeudi, tarehe 6. Alinipima ku kilo ya kupimia magunia: makumi tano na munane. Anasema sipite makumi sita na muzigo yangu, sababu uwanja yetu ya ndege ya hapa Ntoto iko mufupi na ku mwisho iko miti. Basi kilo mbili tu. Kilo mbili, kwa mugonjwa! Hélène, muke-mwenza wangu (bwana alikufa, yeye akanibakilia), amesema hiyo iko zawadi ya paka.

Mardi, tarehe 4

Nimepata shauri! Nikipungua kilo tano, kuku na maharagi vinaingia pahali yangu. Leo maji tu. Hélène akapika sombe na samaki mbele ya mulango yangu, akapepea moshi na kikwembe yake ya kujifunga. Roho mubaya! Mama yetu alikuwaka anasema muntu wa kuya mikono mitupu iko muchawi ao mwizi. Adelaïde anajua ile neno.

Mercredi, tarehe 5

Nilikula. Sahani mbili. Nikaenda kujipima: makumi tano na kenda. Nimeongezeka! Basi shauri ingine. Straton alishanipima, atarudilia juu ya nini? Nimeshona mifuko ndani ya vikwembe tatu. Maharagi. Samaki ya kukauka. Mafuta ya ngazi, yale ya mawese, ndani ya chupa ya dawa. Mama Solange anasema iko zambi. Nimemuambia andika tu, mama.

Jeudi, tarehe 6

Haya. Nilitembea mupaka ku uwanja kama mwanamuke wa mimba ya mapacha. Straton akaniuliza nimenona wapi mu siku tatu. Nikasema ni vikwembe, kule iko baridi. Akanipandisha ku kilo: makumi saba na tatu. Hakupiga kelele. Akanionyesha ile miti tu, akasema miti haisikiake huruma. Nikavua kikwembe moja, uzi ikakatika. Maharagi yote ku uwanja! Lakini sheria ya uwanja: hata jiwe kadogo haibakie, ile panga ya ndege yenye kuzunguka inaivuta, inavunjika. Tukaokota moja moja. Mbuzi zikaingia, tukafukuza. Hélène alikuya, akapiga magoti pembeni yangu, akaokota. Hakucheka. Wakati tulimaliza, mawingu yalishafunika milima ya Masisi. Straton akasema leo imeisha, kesho asubui.

Vendredi, tarehe 7

Simu ilitangulia ndege. Adelaïde amekufa jana, saa kenda ya muchana. Wanasema asubui yote alikuwa anauliza kama ndege imelia. Hakuuliza maharagi. Hélène amenipikia uji. Sikukunywa.

Dimanche, tarehe 9

Kisha misa Straton alikuya kunipa pole. Atanipeleka ku matanga mardi, tarehe 11. Mwili yako tu, Mama, akasema, mwili na machozi. Nikaapa mbele ya katekista. Straton iko muntu muzuri, mama yake aliniuzishaka mukeka, haikuoza mupaka leo.

Lakini batoto ya Adelaïde watapikia bantu na nini? Chumvi Kashuga iko bei kali. Na miye muzee wao, nifike nanyoosha mikono mitupu mbele ya kaburi?

Hélène amenikatia mwanzi munene, urefu ya fimbo. Tumetoboa mafundo ya ndani, tumejaza chumvi mupaka juu, tumeziba na nta ya nyuki. Bibi muzee na fimbo yake, nani atapima fimbo? Nimeijaribu mu kiwanja. Iko nzito, inanivuta upande ya kuume. Mupaka mardi nitazoea.