Kijiti na Mbwa Aliyehama

Jumatatu, 10 Juni

Nimeitwa shuleni. Karatasi imekunjwa mara nne, imesema mzazi afike saa nane, haikusema kwa nini. Nimetoka mbio na tepu ya kupimia shingoni. Kufika getini, kichwani mwangu nilikuwa nimeshamvunja binti yangu mguu, nimemtumbukiza kisimani na kumlaza hospitali.

Afadhali! Ni insha tu. Nimeshusha pumzi mpaka mwalimu akaniuliza kama nataka maji.

Kisha akaendelea, pumzi ikapanda tena. Sisimizi (ndivyo tunavyomwita, mdogo wa umbo na hatulii) amefeli insha mbili. Akifeli ya tatu, muhula ujao anarudishwa darasa la tatu. Mimi niliishia la nne. Nilijiapiza siku anazaliwa kwamba huyu atanipita, na sasa amefika palepale nilipoishia mimi anataka kurudi nyuma!

Mwalimu akanieleza kazi yenyewe. Kila mtoto atunge mhusika mmoja. Si kumwandikia jina na rangi ya shati tu. Aseme huyo mtu anataka nini, anaogopa nini, nini kinamzuia. Ijumaa wazazi waje. Mtoto atasoma hadithi yake, kisha atakaa kwenye kiti mbele ya darasa awe ndiye huyo mhusika, wenzake wamuulize maswali.

Tena akasema sisi wazazi tuandike chochote kila siku, watoto waone kalamu inatembea nyumbani. Ndiyo maana naandika, kurasa za nyuma za daftari la vipimo. Upande wa pili wa ukurasa huu ni kiuno cha mke wa mchungaji.

Wifi yangu naye alikuwepo. Kamaliza sekondari, anafanya kazi ofisini, na binti yake tunamwita Profesa. Akaniuliza kwa sauti ya huruma kama nitaweza kumsaidia mtoto au anitumie Profesa. Nikamjibu tutaweza. Akasema haya, wifi yangu, ukikwama usione haya. Kanikera!

Jumanne, 11 Juni

Sisimizi ameanza. Mhusika wake ni msichana wa miaka minane, anaitwa Kijiti kwa wembamba. Hana viatu. Ana kuku mmoja wa madoadoa, ndiye rafiki yake. Kuku karuka ukuta, kaingia ua wa jirani. Ua una mbwa mkubwa. Kijiti anaogopa mbwa kuliko kitu chochote duniani.

Akaishia hapo, akaenda kucheza!

Sikuweza kufanya kazi. Nimeshona mkono wa kushoto kwenye bega la kulia, nikafumua, nikaurudisha palepale. Nilikuwa namwona yule mtoto amesimama ukutani, pekupeku, na kajua kanachoma. Mama yake yuko wapi? Hakuna mtu mzima mtaa mzima?

Saa kumi nimemtuma Sisimizi dukani, uzi mweusi. Uzi mweusi ninao sanduku zima. Nikachukua kifutio.

Nimeanza na viatu tu, naapa. Viatu vizuri, vya kufunga. Halafu nikampa shangazi muuguzi, anakaa nyumba ya pili. Halafu mbwa. Nilitaka kumfunga mnyororo, lakini mnyororo hukatika, nimeshaona. Nikaandika kwamba mbwa alihama. Kuku akarudi mwenyewe. Wakala, wakashiba, wakalala.

Mwandiko hautatushtaki. Wangu na wa Sisimizi hauna tofauti, yote miwili ni ya darasa la nne.

Roho imetulia. Nimekula sahani mbili.

Jumatano, 12 Juni

Daftari limerudi. Wino mwekundu, ukurasa mzima kama umechinjiwa kitu. Mwalimu kaandika: Mhusika hana shida. Hataki kitu. Haogopi kitu. Hadithi iko wapi? Andika upya. Ijumaa ndiyo nafasi ya mwisho.

Sisimizi alisimama mlangoni, begi bado mgongoni. Hakulia. Heri angelia. Aliniuliza kwa upole kabisa, "Mama, mbwa wangu yuko wapi?"

Nikamwambia labda amehama.

Akaenda kubadilisha nguo. Hakuniuliza tena, na hiyo ndiyo iliyonimaliza.

Nikapanga mpango mwingine. Sketi ya mwalimu iko kwangu tangu wiki jana, kiuno kinambana. Nikamtumia ujumbe aje kupima leo leo. Mtu aliyezungukwa na pini hawezi kuondoka upesi.

Alikuja saa kumi na moja. Nikampandisha kwenye kigoda. Pini sita mdomoni, nikaanza kumweleza kwamba mtoto hana kosa. Hakusikia kitu. Nikatoa pini. Nikakiri yote: viatu, shangazi, mbwa. Nilijua sasa atasema nimeiba mtihani, mtoto atafukuzwa, nami nitafukuzwa pamoja naye.

Alicheka! Alicheka hadi pini moja ikamchoma nyongani, akaendelea kucheka. Kisha akatulia, akaniambia akiwa juu ya kigoda kile, "Mama Sisimizi, mtoto asiye na shida kwenye hadithi hana la kufanya. Mwache Kijiti ahangaike kidogo. Yuko kwenye karatasi, hatoki damu."

Akasema hatamhesabia Sisimizi kosa langu. Ila Ijumaa iko palepale.

Ahueni kubwa. Nimemwachia inchi mbili za kuongezea kiunoni, bila yeye kuniomba. Huwa naacha hivyo kwenye nguo za watoto tu.

Alhamisi, 13 Juni

Nimeelewa sasa. Shida! Kumbe mwalimu anataka shida. Angesema mapema.

Asubuhi, Sisimizi akinywa chai, nimempa shida zote nilizozifikiria nikiwa nafagia. Kijiti awe yatima. Awe na kifua kinachobana. Mvua iezue bati. Mwizi aibe godoro. Kuku apate kikohozi. Mbwa wawe wanne, mmoja kichaa. Nikafika pale bibi yake Kijiti anapofuka macho, nikashindwa kuendelea. Nikalia juu ya kitambaa cha mteja. Hariri! Imebidi niifue, niipige pasi.

Sisimizi alimaliza chai. Akaniomba ruhusa, kwa adabu zote, kwamba akitoka shule aende kuandikia kwa baba yake.

Baba yake ni fundi baiskeli. Kibanda chake ni cha mabati, kelele, grisi kila mahali. Mtu anaandikaje pale? Lakini amekwenda.

Nimepita mara tatu. Mara ya kwanza nimekwenda kuazima bisibisi. Mara ya pili kuirudisha. Mara ya tatu sikuwa na sababu, nikamuuliza mume wangu kama amekula. Sisimizi alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu. Kila nikitokea, daftari linaingia chini yake, analikalia kama kuku anayeatamia.

Mume wangu anajaza upepo tu. Nikamuuliza chini chini amemwambia nini mtoto. Akasema hajamwambia kitu. Nikamuuliza basi anamsaidiaje. Akasema, "Si ndivyo hivyo. Simwambii kitu."

Mwanamume huyu nimeishi naye miaka kumi na moja, bado sijajua kama ana akili nyingi au ni mvivu.

Jioni nimekutana na wifi kwenye duka la vifungo. Mhusika wa Profesa ni rubani, tena daktari, tena mwanasheria, tena mrembo. Nikamuuliza anaogopa nini. Wifi akasema haogopi chochote, amesoma. Nikajikausha. Kwa mara ya kwanza tangu niolewe nilijua kitu ambacho wifi hakijui, na sikumwambia. Mungu anisamehe. Ilikuwa tamu.

Ijumaa, 14 Juni

Darasa lilijaa. Wazazi tulikaa nyuma kwenye viti vya watoto, magoti kidevuni. Kiti cha mhusika kiko mbele, peke yake, kama cha mshtakiwa.

Profesa alitangulia. Alisoma vizuri, sauti kama ya redio. Akakaa kitini. Mtoto mmoja akamuuliza rubani analia lini. Akasema halii. Mwingine akamuuliza anatamani nini. Akasema ana vyote. Mtoto wa tatu akauliza kama anaweza kwenda msalani. Mwalimu akamruhusu. Wifi akafungua mkoba, akawa anatafuta kitu ambacho hakimo. Nilidhani nitafurahi. Nilimhurumia, nikampa pipi niliyokuwa nayo.

Kisha Sisimizi. Ukubwa wa daftari na ukubwa wake vinakaribiana.

Kijiti yuko pekupeku! Hana shangazi. Mbwa amerudi, mmoja, jicho moja bovu. Kuku yuko chini ya toroli, mguu umenaswa kwenye kamba. Kijiti ameusukuma mlango wa ua. Umelia. Mbwa kainua sikio. Kijiti kasimama, mkojo unataka kumtoka. Kapiga hatua moja. Mbwa kafumbua lile jicho zima.

Hapo sikujua nimesimama.

Nilisema, tena kwa nguvu, "Kijiti, rudi nyumbani! Kuku nitakununulia mwingine!"

Darasa zima likageuka. Kiti cha mtoto kilikuwa kimenasa nyuma yangu, nimesimama nacho. Wifi akanivuta gauni. Nikaona basi, nimemaliza kila kitu, mwanangu darasa la tatu, na ni mimi.

Sisimizi hakucheka wala hakuona aibu. Alikwenda akakaa kwenye kile kiti mbele, akaweka mikono magotini, akanitazama kama hanijui. Akanijibu kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia nyumbani kwangu.

"Asante, mama. Ila huyo mwingine hatakuwa huyu. Huyu ananisubiri mimi."

Mtoto mmoja akauliza, je, Kijiti bado anaogopa? Akasema anaogopa sana, miguu inatetemeka, ila inakwenda. Mwingine akauliza je, mbwa ana jina? Mikono ikawa juu darasa zima, mwalimu akashindwa kuchagua. Wazazi nao wakanyoosha! Baba mmoja wa makamo aliuliza maswali mawili.

Akamalizia hadithi palepale kitini. Kijiti kamtoa kuku. Mbwa kamrarua sketi, mwili hakuugusa. Nikawa nashukuru, huku nafikiria ile sketi itaunganishwa vipi, maana ikichanika kwenye pindo ni rahisi, kwenye mshono wa kati ni kazi.

Mwalimu akaniita pembeni. Nikaanza kuomba radhi. Akasema mtu mzima akimpigia kelele mtoto wa kwenye karatasi, basi huyo mtoto anaishi, na yeye mwalimu hahitaji ushahidi mwingine. Amefaulu. Harudi la tatu. Mwakani ni la tano.

La tano! Ukoo wetu upande wa mama hakuna mwanamke aliyelifikia.

Nimelia kwenye kiganja, kwenye leso, na mwishoni kwenye bega la wifi. Alinivumilia. Njiani nimemshika Sisimizi mkono hadi akaniambia nimwachie, anataka kukimbia. Nimemwachia. Nimemwambia mume wangu sitagusa tena daftari la mtoto maisha yangu yote. Akasema sawa. Akaendelea kula.

Jumamosi, 15 Juni

Nimelala usingizi wa mtoto mchanga. Nimeamka mwepesi. Nimeshona kola nne, zote zimekaa sawa.

Mwalimu amewapa kazi mpya: mhusika mbaya. Sisimizi kaanza wa kwake, mwizi anayeiba nguo kwenye kamba. Daftari kaliacha mezani, wazi. Ananiamini.

Nami nimesoma tu. Kusoma si kugusa. Nililisogeza kwa mkasi.

Huyu mwizi ameiba mashati matano, yote madogo. Mimi ni fundi, najua vipimo. Mtu mzima mashati madogo ya nini? Huyo ana watoto watano nyumbani, na hakuna aliyejisumbua kumuuliza.

Nimemtafutia kazi. Atalinda kamba za nguo za mtaa mzima, mchana tu, baridi isimpate. Nimeiandika kwa penseli, hafifu, haionekani sana.

Anaanza Jumatatu.