Shukrani Zangu kwa Mota ya Vifuniko

Jumatatu, 4 Machi

Makubwa! Meneja wa kiwanda katuita wawili, mimi na shemeji, kaka wa mke wangu. Kila mmoja anaendesha laini moja ya kujaza mtindi vikoponi. Kasema laini itakayosimama zaidi hadi Ijumaa, mwenye nayo anarudi kuosha kreti. Mimi nimeshaosha kreti mpaka vidole vikakunjamana. Sirudi ng'o!

Tatizo ni mota yangu. Kazi yake kushuka na kukandamiza vifuniko juu ya vikopo. Ina kihisi ndani: ikikutana na ugumu kupita kiwango ilichowekewa, inasimama yenyewe. Kifuniko kimepinda kidogo tu, imesusa. Inadeka kuliko bibi harusi. Ya shemeji ni pacha wake, ila husimama mara mojamoja, maana yeye huipangusa na kuikagua kila asubuhi. Kujipendekeza tu. Hata hivyo nashukuru. Wangapi wanatafuta hata kazi ya kugombea?

Jumanne, 5 Machi

Nimegundua! Mota inasusa kwa baridi. Kila jioni tunaipiga maji kwa mpira, nani asingenuna? Nikaishonea koti kwa pazia la bafuni. Mke wangu bado analitafuta.

Adhuhuri akaja Mama Usafi, mkaguzi wetu, na pamba zake za kupimia vijidudu. Akafunua koti. Harufu! Mtindi ulikuwa umeingia humo na kuchacha. Akaniuliza kama nina akili timamu. Mota hiyo, akasema, imetengenezwa laini mwili mzima, haina ufa wala kona, ili maji na uchafu viteleze viende zao, nami nimeishonea mfuko wa kufugia vijidudu. Laini ikasimama nusu siku tukisugua.

Lakini hakunisema kwa meneja. Mungu ampe maisha marefu yule mama.

Jumatano, 6 Machi

Kwa nini sikuliwaza hili mapema? Dawa si koti, dawa ni kiwango! Kipo kwenye skrini, unabonyeza tu kinapanda. Nikakipandisha hadi mwisho.

Loo, utamu ulioje! Haikusimama hata mara moja. Vifuniko vilivyopinda vikaingia, vilivyogoma vikaingia. Vikopo vikaanza kupasuka, kimoja kikamrukia meneja kwenye tai. Nikainama nyuma ya mashine. Kumbe yeye akawalaani watengeneza vikopo, eti siku hizi wanatuuzia makaratasi. Nawashukuru sana watu wale, ingawa sijawahi kuwaona.

Shemeji alipita jioni, akaitazama skrini yangu, akaguna. Wivu huo!

Alhamisi, 7 Machi



Asubuhi kikopo kilikwama. Nikaingiza mkono nikitoe, mashine ikiwa inaenda. Najua, najua. Mota ikashuka. Nikafumba macho nikamwita mama yangu, marehemu.

Ikanigusa kucha. Ikasimama.

Nikakaa chini sakafuni, kwenye maji. Vidole vyote vipo, nimevikagua kimoja kimoja kama mzazi na kichanga chake. Mama Usafi ndiye aliyeniambia: jana, baada ya mimi kutoka, shemeji alikirudisha kiwango mahali pake. Nikamfuata. Nikamuuliza kwa nini, wakati laini yangu kusimama ndiyo pona yake. Akajibu kwamba hataki dada yake aje kunifungia vifungo vya shati hadi uzeeni. Akarudi kwenye kazi yake.

Nimelia mbele za watu na wala sioni haya. Nilimwita mwenye wivu. Mimi! Nyumbani nimemshika mke wangu mkono muda mrefu, hata akauliza nimevunja nini.

Ijumaa, 8 Machi

Nimeshindwa, na si kwa hatua moja. Nilikuwa nimeshavua glavu niende kwenye kreti, nikasikia shemeji anamwomba meneja aniache niwe msaidizi wake kwenye laini yake. Kasema mikono yangu ni myepesi, inahitaji tu mtu wa kuitazama. Meneja kakubali. Asiyeshukuru kwa kidogo hata kwa kingi hashukuru, na mimi nimepewa kingi. Usiku kucha nitawaza namna ya kumlipa.

Jumamosi, 9 Machi

Nimelipa!

Leo mota ya shemeji ilisimama mara mbili, naye akanung'unika. Roho iliniuma. Mtu mwema vile, asumbuliwe na chuma? Alipokwenda kunywa chai nikaisogelea skrini yake, nikakipandisha kiwango hadi juu kabisa. Sikumwambia. Tenda wema nenda zako.

Tangu hapo inakimbia haijasimama. Shemeji anatabasamu, anaipapasa mota yake, masikini, hajui amshukuru nani.